Kampuni changa ya shaba ikinunuliwa, hisa yako italipwa ngapi?

Nina hisa za kampuni ndogo inayotafuta shaba, na tetesi zinasema itanunuliwa. Bei naikadiriaje? (Msomaji, Mwanza)

Anza na shaba iliyopo ardhini. Tuseme uchorongaji umeonyesha tani milioni 200 za mbale (mawe yenye madini) zenye shaba asilimia 0.6. Hiyo ni tani milioni 1.2 za shaba, yaani ratili (kila moja kama nusu kilo) bilioni 2.6 na ushei. Sasa usizidishe kwa bei ya sokoni! Shaba ambayo haijachimbwa huuzwa kwa senti chache za dola ya Marekani kwa ratili. Mwaka 2015 Zijin ya China ilinunua asilimia 49.5 ya kampuni iliyoshikilia mradi wa Kamoa, karibu na Kolwezi nchini Kongo, kwa dola milioni 412. Makadirio ya wakati huo, kwa sehemu iliyochorongwa vya kutosha, yalikuwa tani milioni 739 zenye asilimia 2.67. Piga hesabu utapata kama senti 2 kwa ratili, na ule ni mwamba ambao wajiolojia huuota usiku. Ni kweli bei ya shaba ilikuwa imelala mwaka ule. Basi mfano wetu tuupe senti 3: karibu dola milioni 79.

Halafu nigawanye kwa idadi ya hisa zilizopo sokoni?

Hapana, hapo ndipo wengi hujidanganya. Kampuni ikiwa na hisa milioni 240 na waranti na stahili za wakurugenzi (haki za kununua hisa mpya baadaye) milioni 60, gawanya kwa milioni 300. Unapata senti 26, si 33. Jumlisha fedha zilizopo benki, toa madeni. Na kama fedha hizo hazifiki mwakani, tarajia hisa mpya zitolewe kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Ripoti yao inasema mradi una thamani ya dola milioni 900, soko linaipa kampuni milioni 70. Tunaibiwa?

Si lazima. Ile milioni 900 ni faida ya mgodi ambao haujajengwa, kwa bei ya shaba waliyojichagulia wenyewe. Fungua ukurasa wa gharama za ujenzi kwanza, uone nani atazitoa.

Mbona Filo, kampuni ya utafutaji shaba, ililipwa mabilioni bila hata mgodi?

Kwa sababu mashimo yake ya uchorongaji yalikuwa yameonyesha shaba zaidi ya ile iliyokuwa imeingia kwenye makadirio rasmi. Mwaka 2021 shimo moja pale Filo del Sol, mpakani mwa Argentina na Chile, lilipita mita 858 za mwamba wenye wastani wa asilimia 1.80, thamani ya dhahabu na ya madini ya fedha ikihesabiwa kama shaba. BHP, kampuni kubwa ya madini, ilinunua hisa zake kwa dola milioni 100 za Kanada mwaka 2022. Julai 2024, ikishirikiana na kampuni nyingine ya madini, Lundin Mining, ikakubali kulipa dola 33 za Kanada kwa hisa, jumla kama bilioni 4.1. Lundin tayari ilikuwa na mradi wa Josemaria jirani kabisa. Maji, umeme na barabara vinaweza kutumika pamoja. Kwa mnunuzi wa mbali, mwamba uleule ungekuwa na thamani ndogo zaidi.

Ofa ya kwanza ikija, niuze?

Tazama kama kuna mwingine anayeutaka mradi. Mwaka 2018 Lundin iliitaka kampuni ya Nevsun, yenye shaba ya Timok huko Serbia, kwa dola 4.75 za Kanada kwa hisa. Bodi ikakataa, na Septemba Zijin ikaja na 6. Lakini Zijin ilikuwa na sababu: mgodi wa Bor, pale pale jirani, ulikuwa unaingia mikononi mwake. Kama jirani wa kampuni yako ni pori tupu, ofa ya kwanza huenda ndiyo ya mwisho.