Vijiji vya Murang'a si vya tangu jadi
Unasema vijiji vya Murang'a, hapa Kenya, ni vya tangu jadi? La, ndugu. Hivyo vijiji vya nyumba zilizobanana huko Murang'a vilianza 1954, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni. Serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa nguvu ili Mau Mau wakose chakula na habari. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni 1 wa Mkoa wa Kati walikuwa wameingizwa humo, wamezungushiwa handaki, na kafyu juu yake. Kabla ya hapo kila mbari, yaani ukoo wa Kikuyu, iliishi kwenye shamba lake, boma hapa, boma kule. Nyanya yangu alichimba lile handaki akiwa msichana. Mpaka leo akilitaja sauti hubadilika. Wengi walirudi mashambani baadaye, ila wasio na ardhi walibaki vijijini.