Kutoka Mchoro wa Mchakato hadi Muundo wa Mfumo: Funzo la Mikopo ya SACCOS

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutengeneza mfumo wa mikopo kwa SACCOS moja ya walimu. Nilianza kwa kuomba fomu zote zinazotumika, nikazigeuza kuwa majedwali ya hifadhidata, nikatengeneza kurasa za kujazia taarifa, na ombi la mkopo nikaliwekea hali tatu tu: limewasilishwa, limeidhinishwa, limekataliwa. Mfumo haukuwa na hitilafu, lakini baada ya wiki chache afisa mikopo alikuwa amerudi kwenye kauntabuku yake, na taarifa za kompyuta akawa anazijaza jioni, kazi ikiwa imeshakwisha.

Nilipoketi naye tukaipitia kauntabuku ile ukurasa kwa ukurasa, nilikuta maombi yanayosubiri kikao cha kamati ya mikopo, maombi yaliyorudishwa kwa sababu hati ya mshahara ilikuwa ya zamani, maombi yaliyoidhinishwa kwa kiasi pungufu ambacho mwanachama alikuwa hajakikubali, na mengine ambayo mdhamini alijitoa baada ya kamati kuidhinisha lakini kabla fedha hazijatoka. Fomu hueleza taarifa zinazokusanywa. Haielezi kazi inavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, wala inasubiri nini ikiwa njiani.

Kwa hiyo, unayetaka kubuni mfumo, anza kwa kuchora kazi yenyewe. Mimi hutumia BPMN, lugha ya kuchora michakato ya kazi, ambayo toleo lake la 2.0 lilitolewa na OMG, shirika linaloweka viwango vya teknolojia ya programu, mwaka 2011 na kufanywa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510, mwaka 2013. Ina alama nyingi, lakini mbele ya mhasibu na wajumbe wa kamati zinatosha chache: duara kwa tukio, mstatili kwa kazi, almasi kwa njia panda, mshale kwa mfuatano, na safu zinazotenganisha wahusika.

Kisha uulize kila alama inakuwa nini ndani ya mfumo. Safu ya mhusika inakuwa wadhifa wenye ruhusa zake. Mstatili unahitaji uamuzi: je, hii ni kazi ya mkono, kazi ya mtu kwenye skrini, au kazi ambayo mfumo utaifanya wenyewe? Almasi ni kanuni. Kwa watumishi wa umma, kwa mfano, makato hayapaswi kuacha chini ya theluthi moja ya mshahara, na kiwango cha mkopo hutegemea akiba ya mwanachama kama masharti ya chama yanavyoelekeza. Kwa kuwa mkutano mkuu unaweza kubadili masharti hayo, kanuni za aina hii ziwekwe katika jedwali lake, zisifichwe ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe. Mwajiri naye huchorwa nje ya chama, kwa sababu hatumwamuru. Tunamtumia orodha ya makato na kusubiri jibu, na kusubiri huko lazima kuwe na nafasi katika muundo.

Huko kusubiri ndiko nilikokuwa nimekuruka. Kila mahali ambapo ombi linakaa likingoja mtu, kikao au tarehe, pana hali moja ya ombi, na hali hizo ndizo uti wa mgongo wa programu. Hali zangu tatu zikawa tisa. Tulipofika kwa mdhamini aliyejitoa, niliuliza mshale urudi wapi. Afisa mikopo akasema urudi kwenye kamati, mhasibu akasema ombi lifutwe, na ikabidi bodi ikae iamue. Katika mfumo wa kwanza swali hilo lilikuwa limeshaamuliwa na mimi peke yangu, bila mtu kujua, kwa kuandika msimbo usiomruhusu mdhamini kutoka. Sioni hatari kubwa kuliko hiyo katika kazi yetu.

Hata hivyo, usinakili mchoro wa mchakato ukaufanya mgawanyo wa sehemu za programu. Mchakato wa mkopo una mwanzo na mwisho, ilhali taarifa za mwanachama zinahitajika pia katika akiba, katika udhamini wa wenzake na siku anapojitoa uanachama. Mchoro wa data, unaoonyesha taarifa zinazotunzwa na zinavyohusiana, uchorwe sambamba, na majedwali yafuate data, si hatua. Tena, usihamishie kwenye kompyuta kila hatua uliyoikuta. Palikuwa na saini moja ya kuthibitisha tu kwamba jalada limefika meza ya pili; tuliiondoa, kwa kuwa mfumo hurekodi hilo wenyewe.

Jambo la mwisho ninaloshauri ni kuipa kila hatua na kila njia panda namba, na namba hiyohiyo iandikwe katika msimbo na katika majaribio. Bodi ilipoamua kwamba mwanachama apewe siku saba za kutafuta mdhamini mwingine, niliongeza duara la muda kwenye mchoro, nikafuata namba za hatua zinazoligusa, na kabla sijafungua msimbo nilikuwa nimeshajua sehemu tatu za kubadilisha na majaribio ya kurudia.