Barua kwa mwanangu: kwa nini nisibuni tu

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, baba yako na mguu wake vilevile.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na baba yako pembeni anacheka. Unauliza: "Mama, riwaya si mambo ya kutunga? Kama watu wa humo umewaumba mwenyewe, nani atakuja kukuuliza treni ilipita wapi mwaka 1950? Na kitabu si ulisema umekimaliza?" Kwa simu ningeishia kukugombeza, bora niandike.

La kumaliza ni jepesi. Nilichomaliza ni rasimu. Ukifika mwisho wa rasimu ndiyo kwanza umejua hadithi inamhusu nani. Hapo unarudi ukurasa wa kwanza kumwondoa yule uliyedhani inamhusu. Kazi yangu ya sasa ni kufuta. Nasoma kwa sauti, ulimi unapojikwaa natia mstari, na jirani zetu wameshazoea, hawaulizi tena naongea na nani.

Sasa hiyo treni. Unajua kitabu kinahusu manamba, vijana waliochukuliwa mikoa ya mbali kuja kukata mkonge huku Tanga na Korogwe. Kijana wangu anatoka Buha, nchi ya Waha huko Kigoma. Mwenye kubuni tu angempandisha treni Kigoma, amshushe Korogwe, mambo yaishe. Reli ya kati ilikuwapo, ya Tanga ilikuwapo, ila zilikuwa hazijakutana. Njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi iliyoziunganisha ilikamilika mwaka 1963. Kwa hiyo mwaka 1950 kijana wangu lazima ashuke njiani apande lori.

Utasema, tofauti iko wapi? Iko kubwa. Ndani ya behewa mtu hutafuta wa kwao akakaa naye. Kwenye lori wamepakiwa Mha, Mnyamwezi na Mmanyema, wamesimama, wameshikana mabega ili wasianguke, mmoja anatapika na hakuna pa kumkwepa. Kiswahili cha kijana wangu kinaanzia humo, na si cha salamu: ni "sogea", "nishikie", "maji bado yapo?" Rafiki yake wa kufa na kuzikana anampata kwenye lori hilo. Mimi nisingelibuni. Nimepewa na pengo la reli.

Mfano mwingine ni kipande, ile kadi ya kazi ya siku 30. Siku ilihesabiwa tu kama umemaliza kazi uliyopimiwa. Hukumaliza, ni kama hukuamka. Basi siku 30 za kipande hazikuwa mwezi, na wawili walioanza pamoja hawakukijaza pamoja. Mhusika wangu anaugua homa, mwenzake anatangulia, na siku mwenzake anapokwenda kupokea fedha zake, yeye bado anadaiwa siku. Ugomvi wao wote katika sura ya tisa umetoka kwenye kadi hiyo. Kabla ya hapo niliwagombanisha kwa ajili ya mwanamke, jambo ambalo kila mwandishi hulikimbilia akikosa la maana.

Ukitaka kujua nayapata wapi, nimekaa Nyaraka za Taifa pale Upanga na kalamu ya risasi, nikisoma ripoti za wakoloni. Zina tani, mishahara na maradhi. Mtu mwenyewe haongei humo hata mara moja. Sauti za wakati ule nilizisikia zaidi kwenye nakala kuukuu za Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, hasa kwenye barua na mashairi ya wasomaji. Jinsi walivyokuwa wakisutana kwa adabu! Nimeiba mwendo wa sentensi zao, si maneno yao.

Na kuna mzee wa Ngombezi aliyekata mkonge tangu ujana wake. Nilimsomea aya yangu ya shambani, akanyamaza, kisha akanyoosha mkono wa kushoto kama ameshika jani. Unakata chini, mwiba wa nchani unautoa, majani 30 unayafunga mzigo mmoja, unahamia mche mwingine. Mwiba unaumiza, akasema, lakini umeshauzoea. Kinachokukosesha usingizi ni utomvu: ukiingia kwenye ngozi iliyochubuka unajikuna hadi alfajiri. Aya yangu ilikuwa na jua kali na jasho. Nilitoa jua na jasho, nikaweka kujikuna.

Usidhani basi kila ninachojua nakiingiza. Nilikuwa na sura nzima juu ya Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na mwaka 1893 ikafika Tanga 62 tu iliyo hai. Nilivyoipenda! Mhariri akaandika pembeni: "Kijana wetu anayajuaje haya?" Hayajui. Sura imekwenda. Imebaki sentensi moja ya msimamizi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, anayejigamba mbele ya wageni.

Ulichouliza kwa kunong'ona, kama inalipa, jibu unalo: ada yako ya kidato cha tano ilitoka kwenye mshahara wangu wa ualimu. Mrabaha, fungu langu la mauzo ya vitabu, ulinunua viatu.

Sasa wewe uko Kasulu na una pikipiki ya ofisi. Niulizie wazee ambao baba zao walikuja mkonge. Nataka kujua walifungasha chakula gani cha njiani, nani alikipika, na kiliisha wakiwa wamefika wapi. Usiwape maneno mdomoni. Uliza, nyamaza, rekodi, kisha nitumie kabla ya mwisho wa mwezi, maana sura ya lori naipitia tena.

Mama yako