Gemu ya bei chee, kilichoniuma ni bando

Mkuu, umeuliza kama ununue ufunguo (namba ya siri ya kufungulia) wa gemu ya mpira kwenye duka la mtandaoni linalouza theluthi ya bei ya Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta, maana wenzako wamenunua na zinacheza. Hata yangu ilicheza. Wiki tatu.

Nipo Mtwara, Chikongola, nina kachumba ka gemu: kompyuta mbili, PS moja, feni na mabenchi. Mwezi wa kumi pesa za korosho zilipoanza kuingia, vijana wakadai gemu mpya. Nikaona ufunguo kwa dola 19, wakati Steam ni 60. Kulipa tu, barua pepe ikaingia: herufi na tarakimu 15, tano tano, vistari katikati. Steam ikazikubali. Nikashusha giga 50 na ushee kwa bando la simu, usiku nne mfululizo, mmoja umeme ulikatika nikakaa gizani naua mbu. Ukipiga hesabu, bando lilinila zaidi ya ufunguo wenyewe.

Jumamosi jioni, mabenchi yamejaa, nawasha: gemu imeondolewa kwenye akaunti. Muuzaji hapatikani. Duka linasema lenyewe ni soko tu, na ulinzi wa mnunuzi ulikuwa wa kulipia, sikuweka tiki.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mtu anaiba namba za kadi ya benki, ananunua funguo kwa mtengenezaji, anazitupa sokoni haraka. Mwenye kadi akishtuka, benki inamrudishia pesa, mtengenezaji anakatwa na ada juu, naye anafuta ufunguo. Aliyeumia mwisho ni wewe. Hizi si porojo: Wube, kampuni ya Cheki yenye gemu ya Factorio, walilalamika, na mwaka 2020 G2A, soko la mtandaoni la funguo kama hizi, ikakiri kwamba funguo 198 zilizouzwa sokoni kwao zilikuwa za wizi, ikawalipa dola 39,600.

Siyo zote za wizi, lakini nyingine zimefungiwa nchi. Unanunua, hapa kwetu inakataa.

Ukinunua Steam kwenyewe, ndani ya siku 14 na hujavusha saa 2 za kucheza, unaomba pesa yako inarudi. Ufunguo wa nje hawakurudishii hata senti.

Na kama yameshakukuta, usifute mafaili kwa hasira (mimi nusura nifute). Desemba Steam waliposhusha bei nikanunua halali, ikakuta kila kitu kipo kwenye diski, ikavuta masasisho machache, usiku huohuo vijana wakarudi kwenye mabenchi.