Simu Tatu, Laini Moja

SWALI
Mshauri, assalaam alaykum. Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga, karibu na bandari. Tunayo laini moja ya simu ya mezani yenye simu tatu: mapokezi, kwa mhasibu na kwa mkurugenzi. Ninapozungumza na mteja, mara sauti yake hufifia, na nikichungulia kwa mhasibu namkuta ameshika mkonga. Intaneti, ambayo hupitia laini hiyohiyo, nayo hukatika kila simu inapolia. Mkurugenzi anasema simu zimechakaa, zinunuliwe mpya. Je, ni kweli? Na je, mtu anaruhusiwa kusikiliza maongezi ya mwenzake kwa kuwa simu ni ya ofisi?
Karani, Tanga

JIBU
Wa alaykum salaam, ndugu Karani. Mwombe mkurugenzi asitoe fedha kwanza, kwani simu zenu huenda ni nzima kabisa. Zote tatu zimeungwa kwenye jozi moja ya waya, na umeme unaoletwa na waya hizo kutoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu hauongezeki eti kwa sababu simu ni nyingi. Mikonga yote ikiwa mahali pake, laini huwa na volti 48 hivi. Mmoja ukiinuliwa, volti hushuka sana, na wa pili ukiinuliwa, simu hizo mbili hugawana mkondo uliokuwa wa moja, ndipo sauti ya mteja inapofifia. Ukitaka kuhakikisha, chomoa simu mbili kwa nusu saa, kisha mpigie mteja uliyemzoea kwa ile iliyobaki.

Intaneti ina kisa kingine. Sauti ya mtu katika simu haizidi mawimbi 4,000 kwa sekunde, ilhali intaneti ya laini ya mezani hutumia mawimbi ya juu zaidi, kuanzia 25,000 hivi, na kwa hiyo viwili hivyo hupita pamoja bila kugombana mradi kila simu iwe na kichujio chake, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya tundu la ukutani na simu. Kila simu, nasema, pamoja na mashine ya faksi iliyosahaulika stoo. Modemu peke yake ndiyo isiyowekewa.

Kuhusu kusikiliza, ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake ya binafsi, nami sioni kwa nini hifadhi hiyo iishie mlangoni pa ofisi. Hata hivyo, nisingemhukumu mhasibu upesi: simu za namna hii hazimwonyeshi mtu kwamba laini inatumika, na aliyetaka kupiga hujikuta amekwisha kusikia. Kosa huanza pale anapokawia kuurudisha mkonga.

Dawa ya kudumu ni swichibodi ndogo, ambayo hupokea laini moja na kuigawa kwa simu kadhaa, hivi kwamba mmoja akizungumza wengine hawasikii. Mwambieni fundi aiunge baada ya kichujio, na aache simu moja ya kawaida yenye waya ambayo mnaweza kuichomeka moja kwa moja kwenye laini, kwa kuwa swichibodi hutegemea umeme wa ofisi na umeme ukikatika nayo huzima, ilhali simu hiyo hupata umeme wake kwenye laini yenyewe.