Mashine ya kujirekebisha kwa mzee anayekatika pumzi usingizini

Dada, umeuliza kama mzee wako wa Mikindani atafaa mashine inayojirekebisha, ile inayomsukumia hewa kwa barakoa akiwa amelala na kupandisha au kushusha presha yenyewe. Inafaa, ila ikitoka kiwandani huwa imewekwa presha ya 4 hadi 20, yaani sentimita za maji. Usiiache hivyo. Nne ni ndogo mno kwa watu wazima wengi. Anahisi hewa haimtoshi, anaivua saa nane usiku. Mwombe daktari aliyempima akupe kiwango cha chini na cha juu, mfano 7 hadi 14, halafu baada ya wiki mbili asome kadi ya kumbukumbu ya mashine. Kukatika pumzi kushuke chini ya mara 5 kwa saa. Ila kama ana moyo uliochoka au mapafu mabovu, asianze na aina hii kabla daktari hajasema.

Umeme ndio mtihani wa huku kwetu. Kabla ya kulipa, geuza mashine usome kibandiko: nyingine hutumia volti 12, nyingine 24, na ya 24 haiingii moja kwa moja kwenye betri yako ya sola. Ukitumia betri, zima kipasha maji kinacholainisha hewa, ndicho kinachokula umeme. Na kwa unyevu wa pwani mzee hatakikosa sana.

Mtumba wa Philips DreamStation ya kwanza usiguse. Kampuni iliomba zirudishwe 2021 kwa sababu sponji ya ndani inamomonyoka na chembe zinaingia kwenye hewa anayovuta.

Barakoa ajaribu akiwa amelala, siyo amekaa. Ndevu huvujisha hewa.