Kabla hujashika kikombe

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, ni joto tu. Ujumbe wako wa sauti umenikuta nakuna nazi, ikabidi mbuzi niiweke kando nikae kwenye kizingiti nisikilize vizuri. Nimeusikiliza mara tatu. Umesema mwezi wa sita unatoka Rotterdam kwenda Peru, msituni, kunywa ile dawa ya mimea iitwayo ayahuasca. Wamekutumia karatasi za maandalizi na fomu ya kujaza, nawe ukaniuliza: "Mama, wewe uliyekuwa muuguzi miaka yote ile, nijiandaeje mwili na akili?" Kisha kwa sauti ya chini ukaongeza kwamba vile vidonge umeshaanza kuvipunguza mwenyewe, na hapohapo ukarukia habari za mvua ya huko.

Mimi naanzia hapo ulipoparuka.

La dini unalijua, sikurudii. Nimeshalisema kwa Mwenyewe kwenye sijda, na wewe umepita umri wa kuburutwa chuoni. Nakujibu kama muuguzi, na kama mama yako, hizo kofia mbili sijawahi kuweza kuvua moja nikabaki na nyingine.

Mwaka 1994 nikiwa zamu ya usiku tuliletewa wodini binti wa miaka kumi na saba, degedege haliachii. Alikuwa mgonjwa wetu wa kifafa, tunampa fenobabitoni za kumeza, akizifuata kila mwezi. Nikamgeukia mama yake, mikono kiunoni: "Dawa anameza au mmempeleka kwa waganga?" Ungesikia sauti hiyo na wewe ungedanganya. Akasema anameza. Tulihangaika naye mpaka alfajiri, ndipo shangazi yake akanivuta pembeni ya sinki akaniambia ana siku nne hajameza kidonge. Alikuwa kwenye miiko ya dawa ya mitishamba, na wao wakaona vizuri aviache vidonge mpaka miiko iishe. Mganga wala hakuambiwa kwamba kuna vidonge. Walimficha mganga hospitali, wakatuficha sisi mganga. Binti alizinduka siku ya pili, ulimi umevimba haumtoshi kinywani. Fenobabitoni haikatwi ghafla hata kidogo, na mimi niliyetakiwa kuwaambia hivyo kwa upole nilikuwa na kazi ya kufoka.

Basi wewe sikufokei. Lakini hivyo vidonge vyako vya setralini usivipunguze peke yako chumbani. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usiku hulali, kichwani kama unapigwa shoti ndogo ndogo za umeme, hasira bila sababu, na ile huzuni iliyokupeleka kwa daktari baada ya msiba wa baba'ako inaweza kurudi na mizigo yake yote. Halafu utapanda ndege kwenda kunywa dawa nzito ukiwa katika hali hiyo?

Na kuvimeza huku unakunywa ayahuasca ni hatari zaidi. Nikueleze kwa nini, maana kwenye zile karatasi wameandika "usichanganye" na basi.

Dawa yenyewe ni mimea miwili sufuria moja. Mmoja ni mti wa kutambaa, kipande chake kinene kama mkono, wanakiponda kwa rungu mpaka kiwe nyuzi. Wa pili ni majani ya chakruna, ukoo mmoja na mbuni wetu wa kahawa. Wanachemsha saa nyingi, mpaka maji yawe meusi mazito. Yale majani ndiyo yenye kitu cha kuonyesha maono, kinaitwa DMT, lakini ukiyanywa peke yake hayakufanyi lolote, kwa sababu tumboni na kwenye ini kuna vimeng'enya vinavyokivunja kabla hakijafika kichwani. Ule mti wa kutambaa kazi yake kubwa ni kuvilaza vimeng'enya hivyo. Waliogundua kwamba hili linataka lile, katika msitu wenye maelfu ya mimea, hawakuwa watu wa mchezo, na mimi nawavulia kofia.

Tatizo ni kwamba vimeng'enya vikilala, havilali kwa ajili ya DMT peke yake. Ndivyo pia vinavyopunguza serotonini mwilini, ile kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo. Setralini inaiacha serotonini izagae zaidi, na wa kuipunguza kalala: inajaa. Mtu anatetemeka, jasho linamtoka, moyo mbio, misuli inakakamaa, joto linapanda, akili inapotea, na wengine hufa. Na pale gizani kila mtu anatetemeka na kutapika, nani atajua kwamba kinachokutetemesha wewe siyo dawa, ni sumu?

Kwa hiyo nenda kwa daktari wako wa Rotterdam, umwambie neno lenyewe, ayahuasca, usizunguke. Yeye ndiye wa kusema kama unaweza kuacha, unapunguza kwa mwendo gani, na siku ngapi zipite katikati. Hizo siku hazifanani: setralini hutoka upesi kiasi, lakini fluoksetini, kwa mfano, dawa ya kundi hilohilo, kanuni yetu ilikuwa wiki tano kabla mtu hajapewa dawa ya kulaza vimeng'enya hivyo. Akisema hali yako si ya kuacha vidonge sasa, basi safari ingoje. Msitu hauendi mahali.

Na unaposema dawa, usihesabu vidonge vya daktari tu. Tramado uliyokuwa unameza kwa mgongo, imo. Dawa ya kikohozi ya dukani yenye dekstrometofani, imo. Dawa za kuzibua pua, zimo. Mirungi unayotumiwa na rafiki zako, unafikiri sijui, imo kabisa, kwa sababu ya presha. Peru ya msituni kuna malaria, na katika dawa za kujikinga kuna meflokwini, ambayo hata bila kikombe chochote inaweza kumpa mtu jinamizi na kumvuruga akili. Mwambie daktari akupe nyingine. Sindano ya homa ya manjano unayo, kadi yako iko kwenye sanduku la baba'ako, nitakupigia picha.

Chakula sasa, maana najua ndicho ulichotaka niseme kirefu. Jibini lililokomaa, sosi ya soya, nyama za kukaushwa na kuvundikwa, bia, ng'onda: hivi vina tiramini, na vimeng'enya vikiwa vimelala tiramini hupandisha presha. Viache siku kadhaa kabla na baada. Ila usikoseshwe usingizi na kipande cha jibini. Ule mti huvilaza vimeng'enya kwa saa chache tu kisha vinaamka, siyo kama vile vidonge vya zamani vilivyokuwa vinaviua. Nimeona watu wanahofia jibini kama nyoka, na mfukoni wana tramado.

Mengine kwenye orodha yako, kutokula chumvi, sukari, pilipili, nguruwe, kutolala na mwanamke, hayo siyo ya presha. Ni miiko. Washipibo, wenyeji wa msitu huo wa Peru, na jirani zao wanashika miiko hiyo kwa sababu kwao mmea ni mwalimu, na mwalimu hapendi makelele mwilini mwa mwanafunzi. Bibi yako mzaa mama angeelewa mara moja: alipokunywa kombe siku saba hakugusa samaki wa magamba wala hakupokea salamu ya mkono, na hakuna aliyemwuliza kisayansi. Wewe ni mgeni kwao, shika. Ndizi za kuchoma bila chumvi na samaki wa mtoni hazijamuua mtu. Nguruwe hakuhusu tangu awali, hapo umepewa alama za bure.

Mambo ya mahali penyewe nayapitia haraka. Iquitos, mji wa huko msituni, ni mkubwa lakini hakuna barabara inayouunganisha na Peru nyingine, ni ndege au mto, na nyumba za kunyweshea dawa hiyo nyingi ziko mbele zaidi kwa boti. Waulize hospitali iko saa ngapi kwa boti ya usiku. Waulize nani hanywi usiku huo akabaki macho. Ukiambiwa kikombe kinaongezwa toé, lile ua la tarumbeta, ondoka: hiyo ni ndugu wa mranaha, ina atropini na skopolamini, nimeuguza watoto walioula mranaha na sitaki kukuona ukishika vitu visivyokuwepo. Ukiletewa sumu ya chura ya kuchomwa ngozini na kubugia maji malita kwa malita, kataa, maji hayo yanaweza kushusha chumvi ya damu mpaka mtu akazimia. Na usirudi na chupa. Peru mwaka 2008 ilitangaza elimu ya ayahuasca ya watu wa Amazoni kuwa urithi wa taifa, lakini unakoishi wewe mahakama kuu ilishasema mwaka 2019 kwamba hata kanisani hairuhusiwi.

Akili.

Wameandika "weka nia". Sawa, lakini nia siyo sentensi nzuri ya kusoma mbele za watu. Kaa wiki mbili hizi na jambo moja, simu mbali, lala mapema, andika kwa mkono wako kitu gani hasa unakitafuta huko. Nadhani ninakijua. Hukumzika baba'ako. Karatasi zako zilikuwa hazijakamilika, ukaangalia maziko kwenye simu na intaneti ikakatika wakati wa kumshusha. Hujawahi kunitajia tena siku ile, na mimi sijakuuliza, tumekaa hivyo miaka mitatu kama watu wawili wanaobeba kabati, kila mmoja anaogopa kutua upande wake kwanza. Naanza kutua mimi: haikuwa kosa lako, na hakuna aliyekusema. Kama unakwenda kumwomba radhi, jua kwamba hakufa na kinyongo. Usiku ule wa mwisho aliniuliza kama umepata koti zito.

Imebaki fomu. Ukurasa wa nne wanauliza kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua akili, kusikia sauti, kuona visivyokuwepo. Kwenye picha uliyonitumia naona umeshaandika "hakuna".

Yupo. Baba mdogo wako, yule wa picha ya ukutani mwenye kofia ya kiua. Tuliwaambia alikufa kwa homa kabla hujazaliwa, na kweli homa ndiyo ilimmalizia. Ila miaka sita kabla yake, akiwa chuo cha ualimu, ana miaka 23, alianza kusikia watu wakimwita kutoka kisimani. Alikuwa anainama anawajibu, kwa adabu kabisa, "naam, nakuja". Bibi yako alisema karogwa. Baba'ako alisema ni mawazo ya mitihani. Mimi nilikuwa nimevaa sare nyeupe, jina la ugonjwa ule nalijua, nikanyamaza. Shangazi yako alikuwa karibu kuposwa, na nyumba yenye mgonjwa wa akili haiposwi. Baadaye mkazaliwa ninyi, na kunyamaza kukawa ndiyo desturi.

Mtu mwenye damu hiyo, dawa za maono zinaweza kumfungulia mlango usiofungika. Siyo lazima, wengi hawapati kitu, na wewe umeshapita ile miaka ya ishirini ambayo ugonjwa huo hupenda kuanza. Lakini watafiti wanaojaribu dawa hizi hospitalini huwa wanawaacha nje watu wenye ndugu kama baba mdogo wako, na mimi ningekuwa mlangoni pa wodi ningekuambia usinywe. Ndivyo ninavyokuambia. Uamuzi ni wako, ila sasa unaamua ukiwa na karatasi zote.

Futa hilo "hakuna". Andika baba mdogo, miaka 23, sauti. Andika setralini na tangu lini. Andika tramado. Nitumie picha kabla hujawapelekea, na mpelekee daktari vilevile. Nyumba inayosoma fomu kama hiyo ikakujibu "karibu tu, mmea unajua" bila swali hata moja, hao pesa zako ndizo wanazozijua.

Wakikukatalia, usigombane nao. Geuza tiketi uje huku. Mnazi alioupanda baba'ako nyuma ya jiko umeanza kuzaa, na kaburini kwake bado hatujaweka jiwe la kichwa, nilikuwa nakungoja wewe.

Wakikukubali na daktari akaridhia, niambie usiku wenyewe. Peru wako nyuma yetu saa nane. Mkizima taa saa mbili usiku mganga akaanza kuimba, huku itakuwa saa kumi alfajiri, na saa hizo mimi niko macho kila siku. Dawa inakaa saa nne, tano hivi. Nitaswali, nitafagia uwanja, nitachemsha chai, na simu itakuwa juu ya meza ya jikoni, imechajiwa.

Mama yako